Mbia Anayeweza Kukuadhibu

Mwaka jana mwalimu wetu wa maadili aliandika swali moja ubaoni, akaweka chaki chini, akakaa. Swali lilikuwa hili: Je, ni haki mbia kumwadhibu mbia mwenziwe? Hakutaja mkataba wowote, lakini sote tulijua anazungumzia Cotonou. Mrundi wa rika letu akisikia jina la mji huo wa Benin hakumbuki bahari wala mitende, anakumbuka mwaka 2016.

Tulibishana saa nzima. Mimi nilisimama na wale waliosema si haki, na sababu yangu haikutoka kitabuni. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa mradi uliolipwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya zilizopitia serikalini. Fedha zilipozuiwa, mradi ulisimama. Mjomba alirudi nyumbani na fulana mbili zenye nembo ya mradi, na baada ya miezi michache akashindwa kodi. Watoto wake watatu wakahamia kwetu Buyenzi. Tukawa watu tisa katika vyumba vitatu, nami nikiwa na miaka kumi na mitatu nikajifunza kulala kichwa changu kikiwa miguuni mwa binamu yangu. Nilisema hayo darasani, tena kwa hasira kidogo. Nikauliza mjomba wangu alivunja haki gani ya binadamu.

Mwenzetu mmoja, msichana wa Nyakabiga, akaomba neno. Yeye na mama yake walivuka mpaka mwaka 2015 na kukaa miaka minne katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Alisema, "Pole kwa mjomba wako. Ila sisi tulipokuwa kule, jambo pekee tulilosikia redioni la mtu wa nje kudai kitu kwa ajili yetu lilikuwa hilo hilo unalolilaumu." Akakaa. Nilikosa la kumjibu, na kengele ikanisaidia. Insha hii ni jibu la siku ile, limechelewa, na kama msomaji atakavyoona, sehemu yake kubwa inampa yeye haki.

Nianze na mambo yenyewe yalivyokuwa, maana wengi tunabishana juu ya mkataba ambao hatujaushika mkononi. Mkataba wa Cotonou ulitiwa saini tarehe 23 Juni 2000 kati ya Umoja wa Ulaya kwa upande mmoja na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki kwa upande wa pili. Ulikuwa wa miaka 20. Ulihusu biashara, misaada na siasa kwa pamoja. Kifungu chake cha 9 kilitaja haki za binadamu, demokrasia na utawala wa sheria kuwa nguzo za mkataba. Kifungu cha 96 kilieleza la kufanya upande mmoja ukiona mwenzake amebomoa nguzo hizo: kwanza kuitana na kuzungumza, na mazungumzo yakishindikana kuchukua hatua. Sitaki kusimulia upya mambo ya 2015, kila nyumba ya Bujumbura ina masimulizi yake. Itoshe kusema kwamba baada ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, Umoja wa Ulaya uliita mazungumzo chini ya kifungu hicho. Ujumbe wa Burundi ulikwenda Brussels tarehe 8 Desemba 2015. Tarehe 14 Machi 2016 Ulaya ilitangaza kwamba mazungumzo yamefungwa na kwamba inasimamisha fedha zote zinazokwenda moja kwa moja kwa serikali. Misaada ya dharura na ile inayowafikia wananchi ingeendelea kwa njia nyingine. Kwa miaka ya 2014 hadi 2020 Burundi ilikuwa imetengewa euro milioni 432. Hatua hizo zilifutwa Februari 2022, karibu miaka sita baadaye.

Sasa nirudi kwenye neno la mwalimu. Kwa Kiswahili mbia ni mtu mnayeshirikiana mtaji, mkagawana faida na hasara. Mvuvi wa Rumonge mwenye mtumbwi na mwenziwe mwenye nyavu ni wabia: usiku wenye ndagala wanagawana ndagala, usiku mtupu wanagawana usingizi walioukosa. Ukimkopesha mtu wewe si mbia wake, wewe ni mdai wake. Ukimpa sadaka, wewe ni mfadhili. Wote hao wana heshima zao, lakini kila mmoja ana haki zake na mipaka yake, na mtu anayechanganya majina huwa anataka haki za jina moja na mizigo ya jina jingine.

Zamani mkataba huu ulijaribu kuwa ubia kweli. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mwaka mmoja tu baadaye ilikuwa miongoni mwa nchi 18 zilizotia saini Mkataba wa Yaoundé na nchi sita za Ulaya. Ule ulikuwa bado na harufu ya ukoloni. Lakini Mkataba wa Lomé wa 1975 ulikuja wakati mwingine. Mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu 1973, Ulaya iliogopa kukosa malighafi, na nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki zilizungumza kwa sauti moja. Mwaka ule ule ziliunda kundi lao rasmi huko Georgetown, Guyana. Ndani ya Lomé kukawa na mfuko wa kufidia nchi ambazo mapato ya mazao yao yameporomoka, kahawa ikiwemo. Huo ndio ubia ninaouelewa: bei ya kahawa ikianguka, mkulima wa Kayanza haanguki peke yake, na mnywaji wa kahawa Ulaya anabeba kipande cha hasara. Tena kiasi cha fedha kiliandikwa ndani ya mapatano. Haikuwa hisani ya mtu. Ilikuwa ahadi, na ahadi ni deni.

Hapa ndipo wenzangu wengi wanapomaliza hoja. Wanasema: Lomé ilikuwa nzuri kwa sababu haikuwa na masharti ya siasa, Cotonou ikaharibu. Mimi nilisema hivyo hivyo darasani. Lakini baada ya maneno ya yule msichana nilijilazimisha kuitazama miaka ile isiyo na masharti ilivyokuwa kwa mtu wa kawaida.

Mwaka 1972 Burundi ilipatwa na mauaji makubwa tunayoyaita Ikiza. Mkataba wa Yaoundé ulikuwa ukifanya kazi, na haukuwa na kifungu hata kimoja kilichomruhusu mbia kuuliza mwenziwe: ndani kwako kuna nini? Miaka michache baadaye, chini ya Lomé, Uganda ya Idi Amin ilikuwa mbia kama wengine. Ulaya iliaibika, na mwaka 1977 ikatoa maelekezo ya kuhakikisha kwamba msaada wake hautumiki kuzidisha ukandamizaji wa raia. Maelekezo hayo yalikuwa ya upande mmoja, hayakuwa sehemu ya mkataba. Kifungu cha kweli chenye nguvu ya kusimamisha mkataba kilikuja mwaka 1995, Lomé ya nne iliporekebishwa.

Kwa hiyo ukimya nao una gharama yake, na gharama hiyo haikulipwa na wakubwa. Mtu anayesema mbia asiulize habari za nyumbani kwa mwenziwe ajibu swali hili: kama mwenye nyavu anajua kwamba mgao wake wa ndagala unalisha nyumba ambayo watoto wanapigwa hadi kuvunjwa mifupa, je, kunyamaza kwake ni heshima? Mimi nadhani si heshima, ni ushirika. Hapo mwenzangu wa Nyakabiga alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Haki ya kuuliza, na hata ya kukataa kuendelea kutoa, naikubali.

Hata hivyo kukubali kwamba mtu anaweza kuadhibu si sawa na kukubali kila namna ya kuadhibu. Na hapa niseme habari ya kirimba.

Mama yangu anauza unga na maharage katika soko la Ruvumera. Yeye na wanawake wenzake kumi na wawili wana chama cha kuweka na kupeana fedha, kile ambacho sisi hapa tunakiita kirimba. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na mmoja anapokea zote. Anayechelewa analipa faini. Siku moja mwanachama mmoja hakuleta, kwa sababu mumewe alizikuta faranga chini ya godoro akazinywa. Walimtoza faini, hawakumsamehe, maana wakisamehe mmoja kirimba kinakufa. Lakini baada ya kumtoza, mmoja wao aliuliza, "Na watoto wake wiki hii wanakula nini?" Wakachukua faini ile ile wakanunua unga, wakaupeleka kwake. Miezi kadhaa baadaye mwenyekiti mwenyewe alichelewa kwa sababu ya msiba. Walimlilia, wakampa pole, na wakamtoza faini.

Mama aliponisimulia habari hii hakuwa anafundisha maadili, alikuwa anamsema yule mume. Lakini ndani yake naona mambo mawili ambayo Kifungu cha 96 hakikuwa nayo.

La kwanza ni kwamba faini ya kirimba inamfikia mwenyekiti. Kwa maneno, Kifungu cha 96 nacho kilikuwa hivyo. Ukikisoma, upande wowote ungeweza kumwita mwenzake. Burundi ingeweza kuita Ulaya, Malawi ingeweza, Jamaika ingeweza. Katika miaka yote ya Cotonou waliokuwa wakiitwa walikuwa Fiji, Zimbabwe, Guinea, Madagaska, Burundi na wengine wa upande wetu tu. Hakuna nchi hata moja ya Ulaya iliyowahi kuitwa. Tarehe 3 Oktoba 2013 meli ilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa, wakafa zaidi ya watu 360, wengi wao Waeritrea, raia wa nchi ya kundi letu. Sisemi Ulaya ndiyo iliyowazamisha. Ninauliza tu: je, hilo halikustahili hata barua moja ya kuitana mezani, yenye namba ya kifungu juu yake? Kifungu kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukiandika, kwa sababu anayeandika barua hiyo leo, kesho ana bajeti inayosubiri saini Brussels.

Mwalimu alitupa tusome Thucydides, pale wajumbe wa Athene wanapowaeleza watu wa kisiwa cha Melos kwamba habari ya haki inajadiliwa na walio sawa kwa nguvu tu. Darasa lote lilichukizwa na wajumbe wale. Mimi niliona afadhali yao, walisema wazi. Mkataba unaotupa haki ambayo hatuwezi kuitumia unafanya lile lile kwa adabu zaidi.

La pili ni ule unga. Anayeadhibu katika kirimba anabaki na mzigo wa matokeo ya adhabu. Mwaka 2016 Ulaya ilisema inatenganisha serikali na wananchi: serikali haitapata, wananchi watapata. Naamini ilisema kwa nia njema, na ni kweli kwamba misaada mingi ya afya na chakula iliendelea kupitia mashirika. Lakini serikali na wananchi si vyungu viwili juu ya mafiga mawili. Serikali ni pamoja na mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, mhandisi wa barabara na dereva wake. Fedha zilipozuiwa, waziri hakuhamia Buyenzi. Waliohamia Buyenzi ni binamu zangu.

Na tazama jambo hili. Mwanzoni mwa 2017 kulitokea ubishi mwingine kuhusu posho za askari wa Burundi waliokuwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika. Ulaya ndiyo iliyokuwa ikigharamia posho hizo, na haikutaka tena zipite katika mikono ya serikali. Burundi ikatishia kuwaondoa askari wake. Baada ya muda mfupi njia ya kuwalipa ilipatikana. Kumbe njia hupatikana pale pande zote mbili zinapohitajiana. Askari wale walikuwa na kitu ambacho Ulaya ilikihitaji, yaani ulinzi wa Mogadishu. Mjomba alikuwa na leseni ya udereva tu.

Kuna watakaosema kwamba hii ndiyo tabia ya wazungu na kwamba Waafrika kwa Waafrika tungefanya vizuri zaidi. Warundi tuna jibu la hilo, kwa sababu tuliadhibiwa na majirani kabla ya kuadhibiwa na Ulaya. Pierre Buyoya aliponyakua madaraka kwa mara ya pili Julai 1996, viongozi wa kanda walikutana Arusha wakatuwekea vikwazo vya biashara. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Zaire zilikuwemo, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa msuluhishi. Vikwazo vilidumu hadi Januari 1999. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nyumbani kwetu mwaka huo bado unatajwa kila sukari inapoadimika. Mama anasema chumvi ilipimwa kwa kijiko, na waliokuwa na mitumbwi au ndugu mpakani walitajirika. Kwa mlaji wa Buyenzi, adhabu ya jirani na adhabu ya mtu wa mbali zilikuwa na ladha moja.

Lakini si kitu kimoja, na tofauti yake imenifikirisha sana. Vikwazo vya 1996 viliwagharimu waliovitoa. Bandari ya Dar es Salaam ilipoteza mizigo ya Burundi. Wafanyabiashara wa Kigoma walikosa wateja. Na Tanzania ilijua kwamba vita ikiendelea Burundi, wakimbizi watakaa kwake, kwenye ardhi yake, wakikata kuni za misitu yake. Jirani anayekufungia njia naye anajifungia. Isitoshe, majirani hao waliendelea kukaa Arusha na Warundi, mwaka baada ya mwaka. Nyerere akafariki Oktoba 1999, Mandela akapokea kazi, mpaka Mkataba wa Amani wa Arusha ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. (Ona tarehe: miezi miwili tu baada ya Cotonou. Mwaka mmoja, saini mbili, na miaka kumi na mitano baadaye tukagombana juu ya ile ya Arusha tukaadhibiwa kwa ile ya Cotonou.) Adhabu ya 2016 ilimgharimu nini aliyeitoa? Fedha isiyotolewa inabaki mfukoni, au inapewa mwingine. Adhabu ya namna hiyo ni rahisi mno kuanza na haina haraka ya kwisha. Ndiyo maana ninashuku kwamba kama kila mwezi wa vikwazo ungekuwa na hasara fulani Brussels, miaka sita isingekuwa sita.

Suala la biashara linaonyesha hayo hayo kwa njia nyingine, ingawa hapa lawama ni ngumu kugawa. Oktoba 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi imo tangu 2007, ilimaliza kujadiliana na Ulaya mkataba wa ubia wa kiuchumi. Sisi tungefungua zaidi ya asilimia 80 ya soko letu kwa bidhaa zao, polepole, kwa muda wa miaka 25. Wao wangetufungulia lote. Burundi haikuwa na haja kubwa nao. Kama nchi maskini kabisa, tangu 2001 tunauza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Kenya haimo katika kundi hilo la maskini kabisa. Tarehe 1 Oktoba 2014, majadiliano yakiwa hayajafungwa, maua yake yalianza kutozwa ushuru Ulaya, yakatozwa hadi karibu na mwisho wa mwaka ule. Kwa hiyo Kenya ilikuwa na moto nyuma ya nyumba, sisi hatukuwa nao.

Tarehe 1 Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini. Tanzania ilikataa kwa kuhofia viwanda vyake, na Rais mstaafu Benjamin Mkapa, ambaye wakati huo huo alikuwa msuluhishi wa mgogoro wetu, alikuwa mmoja wa wapinzani wake wakali. Uganda ikasitasita. Burundi ikasema: hatuwezi kuitwa wabia wa biashara na mtu aliyetuwekea vikwazo. Nikiwa kijana nilijivunia jibu hilo. Siku hizi nalitazama na upande wake wa pili: msichana wa Naivasha anayefunga mashada ya waridi alikuwa akilipia ugomvi wetu na Brussels, kama mjomba alivyolipia ugomvi wa wakubwa wake. Kwa kuwa Jumuiya yetu ina ushuru mmoja wa forodha, mkataba ulihitaji saini za wote. Mwishowe, Februari 2021, wakuu wa nchi waliiruhusu Kenya iende na yeyote aliye tayari. Kenya ikatia saini peke yake tarehe 18 Desemba 2023 na mkataba ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Tuliingia mezani kama jumuiya, tukatoka mmoja mmoja. Siwezi kuilaumu Kenya. Siwezi pia kusema kwamba upande wa pili wa meza ulisikitika.

Cotonou imekwisha. Mahali pake pameshikwa na Mkataba wa Samoa, uliotiwa saini Apia tarehe 15 Novemba 2023 na kuanza kutumika kwa muda Januari 2024. Ndani yake bado kuna kifungu cha kuitana na kuchukua hatua. Neno ubia limeongezeka, limejaa kila ukurasa. Kilichoondoka ni fedha. Lomé na Cotonou ziliambatana na mfuko wa maendeleo uliofungamanishwa na mkataba wenyewe, na upande wetu ulikuwa na kauli, hata kama ndogo, katika matumizi yake. Mkataba wa Samoa hauna ahadi ya kiasi chochote. Fedha sasa ziko ndani ya bajeti ya Ulaya, katika fungu la dunia nzima la euro bilioni 79.5 kwa miaka ya 2021 hadi 2027, na Ulaya ndiyo inayoamua nani apewe. Sheria zinazotugusa zaidi nazo hazipiti kwenye mkataba wowote. Ile ya mwaka 2023 inayotaka kahawa iingie Ulaya ikiwa na ramani ya shamba ilikolimwa, kuthibitisha kwamba msitu haukukatwa, ilipitishwa na wao wenyewe. Lengo lake ni zuri, misitu nasi tunaitaka. Lakini mkulima wa Ngozi mwenye miti mia mbili ya kahawa hakuulizwa, na kuahirishwa kwake kulikuja baada ya kelele za wengi wenye sauti nene kuliko yake.

Basi jibu langu kwa mwalimu lingekuwa hivi. Mbia anaweza kumwadhibu mbia, na wakati mwingine ni wajibu wake. Ila awe naye anaadhibika, na waliobeba uzito wa adhabu wawe na mahali pa kumuuliza. Asipotimiza hayo mawili, anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kufanya alichofanya, lakini aache kujiita mbia. Ajiite mfadhili. Mfadhili ana haki ya kufunga mkono wake, na sisi tutajua kwamba tunapaswa kutafuta mtaji mahali pengine badala ya kupanga bajeti juu ya kiganja cha mtu. Najua jibu hili linaumiza upande wetu pia. Nchi inayotaka kuitwa mbia haiwezi kudai fedha kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine ikaziba masikio inapoulizwa walikokwenda watu wake.

Februari 2022 vikwazo vilipoondolewa, nilimsomea mjomba habari hiyo kwenye simu. Aliuliza kama ule mradi utarudi. Nikamwambia sijui. Siku hizi anaendesha teksi ya mtu, siku ambazo petroli inapatikana. Akafikiri kidogo, akauliza ile miaka sita imeandikwa wapi. Alidhani kwamba watu wanaoandika kila kitu kwa vifungu lazima watakuwa wameandika mahali hesabu ya nani alipoteza nini. Nilitafuta. Kuna maelezo ya kwa nini hatua ziliwekwa na maelezo ya kwa nini zimeondolewa. Baina ya karatasi hizo mbili sikumkuta.

Rasimu ya insha hii nilimpa kwanza yule mwenzangu wa Nyakabiga. Aliisoma akiwa amesimama, nje ya maktaba. Alisema ina ukweli, lakini nimemtaja mjomba wangu mara nyingi kuliko mama yake. Nilihesabu, ni kweli. Mama yake alirudi kutoka Nyarugusu mwaka 2019 akakuta nyumba yao inakaliwa na watu asiowajua, wenye karatasi ya kununua kutoka kwa mtu asiyemjua pia. Kesi bado iko mahakamani. Amepanga chumba kimoja mitaa mitatu kutoka hapo, na akienda sokoni hupita njia ya mbali ili asiione.